Tanga la kivuli mwaka mzima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa kuangalia pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, ambako kitambaa kilichotundikwa nje kinaishi kwa kalenda ya kaskazi, masika, kusi na vuli. Walio bara wasome pia swali la 21.

## Misingi

1. Tanga la kivuli lina tofauti gani na turubai la kawaida?

Turubai hulazwa juu ya kitu kingine: fremu, kenchi, mzigo. Tanga la kivuli halina cha kulibeba. Ni kitambaa cha pembe tatu au nne kinachovutwa kutoka kila pembe mpaka kikae kigumu hewani kati ya nguzo. Uimara wake wote umo katika ule mvuto.

Karibu kila jibu hapa chini linatokana na jambo hilo moja. Likilegea, upepo hulipigapiga, na kila pigo hula nyuzi za pembeni kidogo kidogo. Watu hulaumu jua, na kweli jua lina sehemu yake. Lakini vitambaa vingi ninavyoviteremsha vimeraruka pembeni ilhali katikati bado ni vizima kabisa. Hivyo vimeuawa na kulegea.

2. Nichukue cha matundu au kisichopitisha maji?

Cha matundu, yaani neti, hufumwa kwa nyuzi za plastiki iitwayo polyethilini. Hewa ya moto iliyo chini hupanda na kutoka, sehemu ya upepo hupita, na mvua huchuruzika. Kisichopitisha maji kwa kawaida ni polyesta iliyopakwa plastiki ya PVC; kinakukinga na mvua, lakini kinabeba upepo wote na kinahitaji mteremko mkali, angalau sentimita 20 kwa kila mita. Kwa ua wa nyumba, shule au maegesho ya pwani ningechukua cha matundu bila kusita. Kile kingine kinafaa pale unapohitaji kweli kukaa pakavu, kama kwenye baraza la mgahawa.

3. Neti zina namba: 50, 75, 80, 90. Zina maana gani?

Ni asilimia ya mwanga inayozuiwa. Neti ya 50 ni ya miche, haifai kuwakinga watu. Kwa watu anzia 80, na usome lebo kama kiwango cha kuzuia miale ya urujuanimno (UV) kimeandikwa peke yake, kwa sababu namba ya kivuli si lazima iwe sawa nacho.

Jambo hili lina uzito wa pekee pale kivuli kinapowekwa kwa ajili ya watoto wadogo au mtu mwenye ualbino. Hata chini ya kitambaa kizuri, mwanga hurudi kutoka kwenye mchanga mweupe na kuta zilizopakwa chokaa. Kofia pana na mikono mirefu viendelee kuvaliwa.

4. Naweza kutumia neti ya kitalu inayouzwa kwa mita?

Unaweza, na wengi wanafanya hivyo, ila usitoboe tundu pembeni ukapitisha kamba. Litararuka wiki hiyohiyo. Kunja ukingo mara mbili juu ya kamba ya polyesta na ushone kuzunguka kote, kama mshonaji anavyotia kamba kwenye ukingo wa tanga la jahazi. Kwenye kila pembe ongeza tabaka mbili au tatu za mkanda mgumu. Mkanda wa siti ya gari kutoka kwa wauza spea za mtumba unafaa sana: ni polyesta, ni mpana, na bei yake ni ndogo.

Turubai la bango la matangazo ni suala jingine. Halikutengenezwa kuvutwa, hukauka na kupasuka mapema, na halipitishi hewa. Liwe la kufunikia kuni au mchanga.

## Kukaza na kurekebisha

5. Nitajuaje kwamba limekaza vya kutosha?

Bonyeza katikati kwa kiganja: parudi palepale mkono ukiondoka. Upepo mdogo usilitikise. Kingo ziwe zimejipinda kuelekea ndani bila mikunjo. Ukingo wa mita 5 uliokatwa vizuri unaweza kuingia ndani hadi nusu mita hapo katikati. (Ndiyo maana tanga la mita 5 kwa 5 halitoi kivuli cha mita za mraba 25, na wauzaji wachache sana husema hivyo.)

Mkunjo mrefu unaotoka pembe moja hadi pembe ya mkabala unaonyesha kwamba hizo mbili zimevutwa kuliko zile nyingine. Usizidi kuzikaza. Kaza zile mbili zilizobaki.

6. Nikaze vipi, na mara ngapi?

Kati ya pete ya kitambaa na nguzo pawe na kikaza cha skrubu, kile cha kuzungusha mwili wake na ncha zote mbili zikaingia ndani. Unapofunga, kianze kikiwa wazi kabisa. Kaza pembe zinazotazamana kwa zamu, mizunguko michache kila upande, kisha jozi ya pili, kisha rudi mwanzo. Kikifika mwisho na kitambaa bado kinalegea, kifungue chote, punguza pingili moja ya mnyororo unaokiunganisha na nguzo, uanze upya.

Kitambaa kipya hutanuka. Kikaze tena baada ya wiki mbili hadi nne, halafu kila majira yanapobadilika (swali la 8), na kila baada ya upepo mkubwa.

7. Kwa nini kivuli hakiko tena pale nilipokitaka?

Kwa sababu jua limehama. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 hivi kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri huwa wima mara mbili tu kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, nyuzi 30 kutoka wima. Kivuli cha tanga lililo mita 3 juu huangukia kusini kwa mita 1.7 hivi. Mwishoni mwa Desemba jua liko kusini, nyuzi 17 hivi, na kivuli husogea kaskazini kwa karibu sentimita 90. Ukijumlisha, kivuli cha adhuhuri kimetembea zaidi ya mita mbili na nusu, na wewe hukugusa kitu.

Alasiri ni mbaya zaidi. Saa kumi, mwezi Machi, kivuli hichohicho kimesogea mashariki zaidi ya mita 3 na nusu. Wanaolalamika kwamba kitambaa hakizuii jua la jioni mara nyingi wamekifunga tambarare na juu mno. Upande wa magharibi ushuke, ila pembe ya chini isipungue mita 2.2 pale watu wanapopita.

8. Kuna ratiba ya mwaka ninayoweza kuifuata?

Ipo, na kwa tanga la pembe nne kuna mbinu ninayoipendekeza kwa kila mwenye nguzo nne: weka kulabu mbili kwenye kila nguzo, moja juu na moja chini, ili uweze kubadilisha pembe zipi ziwe chini. Kila mara pembe mbili za mkabala ziwe juu na mbili chini. Umbo hilo la kujipinda ndilo linalozuia kitambaa kupigwa na maji kutuama.

Wakati wa kusi, shusha pembe ya kusini-mashariki na ya kaskazini-magharibi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo hukutana na pembe iliyo chini na haipati nafasi ya kuingia chini ya kitambaa na kukiinua. Miezi hiyohiyo jua la jioni huzama kaskazini kidogo ya magharibi, na pembe ya pili iko palepale kulizuia. Ikija kaskazi, geuza: chini ziwe kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, maana upepo sasa unatoka kaskazini-mashariki na jua la Desemba linazama upande wa kusini. Upepo na jua vinabadilika pamoja, kwa hiyo badiliko moja linatosheleza yote mawili.

Kwa miezi, basi. Machi, kabla masika hayajashika: kagua kila mshono na kila pini, geuza pembe kwa ajili ya kusi. Mwishoni mwa Mei au Juni mvua zikiisha: osha, ondoa ukungu, kaza, kwa kuwa kusi kali iko mlangoni. Oktoba, kabla ya vuli: osha vumbi, kagua tena. Desemba: geuza pembe kwa ajili ya kaskazi na ukaze.

Tanga la pembe tatu halina nafasi hiyo. Liwe na pembe moja chini, upande wa magharibi.

## Usafi

9. Naliosha kwa kutumia nini?

Maji baridi (yaani yasiyo na chumvi), sabuni ya kufulia isiyo kali na brashi laini. Suuza sana. Usitumie dawa ya kuondoa madoa yenye klorini, mafuta ya taa, petroli wala tina: polyethilini inaweza kuvumilia baadhi yake, lakini mshono, rangi na vyuma havivumilii. Mashine ya presha ikaribie tu kama huna njia nyingine, na isielekezwe kwenye mshono.

Chumvi ndiyo adui mkubwa kwa walio karibu na bahari, kwa hiyo suuza kwa maji baridi kila mwezi katika miezi ya upepo, hasa pembeni. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi. Ukisuuzia hayo, umeongeza chumvi badala ya kuitoa. Kinga maji ya mvua.

10. Kuna ukungu mweusi usiotoka.

Polyethilini yenyewe haiotishi ukungu. Unaota kwenye uchafu ulioganda juu yake: vumbi, majani, masizi ya mkaa. Loweka kwa maji ya sabuni nusu saa, sugua pande zote mbili, anika palepale kwenye jua. Ukirudi haraka, tafuta mti uliofunika kitambaa au sehemu inayotuamisha maji.

11. Kinyesi cha kunguru na popo, na utomvu wa mwembe?

Ondoa siku hiyohiyo. Vikikaukia juani vinakuwa vigumu, na kusugua kwa nguvu huchakaza nyuzi kuliko uchafu wenyewe.

## Vyuma, kamba na nguzo

12. Nilinunua vyuma visivyoshika kutu, mbona vina madoa ya kahawia?

Kuna daraja mbili zinazouzwa sana, 304 na 316. Ya 316 ina molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, na ndiyo inayostahimili chumvi ya bahari. Ya 304 ni nzuri Morogoro, mbali na bahari, si Msasani iliyo ufukweni. Madoa mepesi ya juu yanaoshwa kwa maji baridi na sabuni. Vishimo vidogo vinavyokwaruza kucha ni dalili ya kubadilisha kifaa.

Skrubu za chuma cha aina hii zina tabia ya kukamatana zikikazwa kavu, mpaka kikaza hakifunguki tena ila kwa msumeno. Pakaa grisi kabla ya kufunga na kila unapokagua. Na usiunganishe moja kwa moja na chuma kilichopakwa zinki: kwenye hewa ya chumvi zinki italiwa haraka, kutu ianze palipogusana.

13. Kamba gani ifungie pembe?

Ya polyesta. Ile ya plastiki ya bluu au kijani inauzwa kila duka la vifaa, lakini jua huiharibu. Ikianza kuacha unyoya mkononi imekwisha, hata kama kwa macho ni nene bado. Nailoni hutanuka, na ikilowa hutanuka zaidi, kwa hiyo tanga litalegea mvua ikinyesha, wakati mbaya kuliko wote.

Katani naipenda kwa kazi nyingine. Hapa haifai: ikilowa hufupika na kuvuta pembe kwa nguvu usiku, ikikauka hulegea, na baada ya misimu michache inaoza kwa ndani.

14. Nguzo yangu imeanza kuinama ndani.

Ama shimo ni fupi, ama zege lilipewa mzigo kabla ya wakati, ama udongo ni mchanga mtupu. Zege hupimwa nguvu kamili kwa siku 28. Kulivuta kabla ya siku 7 ni kuliharibu. Nguzo nzuri hulalia nje kidogo tangu mwanzo, nyuzi 5 hadi 10, na theluthi ya urefu wake huwa chini ya ardhi. Kwenye mchanga wa Kigamboni au Bagamoyo panua shimo pia, si kulirefusha tu.

Kagua pale bomba linapoingia kwenye zege. Maji hukaa hapo na kutu huanzia hapo. Gonga kwa nyundo: mlio uliofifia kuliko wa juu una maana ukuta wa bomba umekonda. Ondoa tanga kwanza, ndipo ufikirie ukarabati.

## Mvua na upepo mkali

15. Maji yametuama katikati kama bwawa. Nifanyeje?

Kwanza waondoe watu wote chini yake. Milimita moja ya mvua kwenye mita ya mraba ni lita moja, na lita moja ni kilo moja. Dimbwi la mita 2 kwa 2 lenye kina cha wastani cha sentimita 10 ni kilo 400 zinazoning'inia. Usifungue pembe, usitoboe, usikate kamba. Mzigo huo ukiachiwa ghafla unaweza kuua. Simama nje ya kitambaa, tumia mti mrefu uliofungwa kitambaa laini nchani, inua kidogo kidogo kuanzia karibu na pembe ya chini ili maji yamwagike kwa awamu.

Mvua ikiisha, tafuta sababu: kulegea au ukosefu wa mteremko (maswali ya 5 na 8). Tanga la matundu nalo hutuamisha maji likilegea na kuziba kwa vumbi.

16. Niliteremshe lini?

Nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili: kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa husukuma kitambaa kisichopitisha hewa kwa kilo 6 hivi kwa mita ya mraba. Wa kilomita 72, kilo 25. Kwa tanga la mita 20 za mraba hizo ni kilo 500, na huja kwa kusukasuka, si kwa utaratibu.

Kusi ya kawaida tanga la matundu lililokazwa linaivumilia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali, teremsha siku hiyohiyo kungali shwari. Msidhani vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska pekee: Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kufungua pembe upepo ukiwa umeshaanza ni hatari, kwa sababu pete ya chuma iliyo kwenye ncha ya kitambaa kinachopigapiga inapasua kichwa. Fungua pembe ya juu ya upande usiopigwa na upepo kwanza, watu wawili, si mmoja juu ya ngazi.

17. Nalihifadhije?

Kavu kabisa. Cha PVC kiviringishe, usikikunje, maana mikunjo hupasuka. Weka kwenye pipa lenye kifuniko, mbali na sakafu ya udongo, ili panya wasilifikie. Andika kwa kalamu ya wino wa kudumu kila pembe ni ya nguzo ipi, utajishukuru.

## Hali za pekee

18. Limechanika. Nishone au ninunue jipya?

Kwaruza uzi wa mshono kwa ukucha, kwa nguvu. Ukikatika, uzi umeoza na jua, na mshono wote uko hivyohivyo hata usipoonekana. Kama kitambaa bado kina uhai, ushone upya mshono mzima kwa uzi wa polyesta wa nje. Tundu la katikati lenye ukubwa wa kiganja linazibika kwa kiraka kilichoshonwa pande zote. Mpasuko ulioanzia pembeni ukaingia ndani hauzibiki kwa kudumu.

19. Naweza kufunga kwenye mti, kwenye kenchi au nguzo ya umeme?

Nguzo ya umeme, kamwe. Kenchi na ubao wa pembeni wa paa, hapana: vimejengwa kubeba uzito wa kwenda chini, na tanga huvuta kwa ubavu. Ukuta unafaa ikiwa una nguzo ya zege na nondo ndani, na bolti imeingia kwenye hiyo zege, si kwenye tofali. Mwembe mkubwa unaweza kushika pembe moja, kwa mkanda mpana unaosogezwa kila baada ya miezi michache ili usikate gome. Mnazi unayumba kwa kila upepo, na nazi ikianguka haichagui pa kutua.

20. Nimepanga, siruhusiwi kuchimba.

Ndoo ya lita 20 iliyojazwa zege ina uzito wa karibu kilo 48. Linganisha na hesabu ya swali la 16 uone kwamba haiwezi kushindana na upepo. Itumie kwa tanga dogo, mchana, ukiwa nyumbani, na uteremshe jioni. Afadhali mwavuli mkubwa, au ongea na mwenye nyumba kuhusu bolti mbili ukutani. Mashimo mawili yanazibika siku ya kuhama.

21. Huku bara mambo yanabadilikaje?

Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri huhama kwa kiasi kinachokaribiana pande zote mbili, mita 1.2 hadi 1.4 kwa tanga la mita 3. Chumvi hakuna, lakini kadiri unavyopanda juu miale ya urujuanimno huzidi, hivyo mshono huchoka mapema hata siku za baridi. Dodoma shida ni vumbi linaloziba matundu. Osha kabla mvua hazijaanza. Kericho na Nandi, ambako mvua ya mawe ni ya kawaida, pembe za chini zishuke zaidi ili barafu iteleze badala ya kurundikana.

22. Jiko la mkaa au la mishikaki chini yake?

Hapana. Polyethilini huyeyuka, hushika moto, na hudondosha matone yanayowaka. Jiko lisogezwe nje kabisa ya mstari wa kitambaa, upande ambao upepo hautarudisha cheche, na upande huo hubadilika kati ya kusi na kaskazi.